Ripita ya Redio za Ridhaa: Kuihamishia Dijitali na Kuirudisha Hewani



Ofisi za vijiji na kata hupokea maombi ya watu wanaotaka kuweka mitambo juu ya vilima, na mengi hutoka kwa makampuni ya simu. Lipo, hata hivyo, ombi la namna nyingine, ambalo likisomwa haraka hufanana na la kampuni ya simu lakini halina biashara ndani yake: ombi la waendeshaji wa redio za ridhaa wanaotaka kuweka ripita, au wanaotaka kuibadili ile iliyopo iwe ya kidijitali. Ombi hilo likifika kwenye mkutano wa kijiji, watu huuliza kwa haki kabisa: kitu hiki ni nini, kitatufaa nini, na je, hakitatudhuru? Somo la toleo hili linajibu maswali hayo. Litaeleza pia kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu mkazi anayeijua kazi hawezi kudanganywa na mtu aletaye sanduku jipya na kusema kwamba kila kitu kimekwisha.

Tuanze na neno. Redio ya ridhaa huendeshwa na mtu aliyepewa leseni ili ajifunze, awasiliane na wenzake na afanye majaribio ya kiufundi, pasipo kutafuta faida ya fedha. Ndivyo Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, zinavyoieleza. Hapa nchini leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na alama ya wito ya kituo cha Tanzania huanza na 5H, kama ile ya Kenya ianzavyo na 5Z. Wazee wanaozikumbuka redio za upepo za misheni na vituo vya polisi wataufahamu upesi mtindo wake: mmoja husema, mwingine husikiliza, kisha hupokezana.

Kwa nini kata ijali jambo la wapenzi wachache wa mitambo? Jibu liko katika siku mbaya. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani kwa wakati mmoja. Miezi michache kabla ya hapo, asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufikia mji wa Katesh na kuua watu wengi. Tukio la kwanza latukumbusha kwamba njia tunayoitegemea kila siku yaweza kukatika mbali sana nasi, mahali ambapo hakuna fundi wetu awezaye kufika. La pili latukumbusha thamani ya saa chache za mwanzo, ambapo mtu mmoja aliyeko ng'ambo ya mto akiweza kusema "barabara imekatika, leteni gari kwa njia ya juu", maneno hayo hushinda ripoti ndefu ya kesho yake. Huko Puerto Rico, baada ya kimbunga Maria cha Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilinyamaza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba waendeshaji wa redio za ridhaa, na 22 kati yao wakaenda kisiwani kusaidia kupeleka habari za walionusurika. Kanuni za ITU zenyewe, tangu mkutano wa mwaka 2003, zinazihimiza nchi kuziwezesha redio za ridhaa zijiandae kusaidia wakati wa maafa.

Kilima na hesabu yake

Mawimbi ya redio ndogo za mkononi husafiri karibu kama mwanga: hunyooka, na mviringo wa dunia pamoja na vilima huyakinga. Ipo hesabu fupi inayofaa hata darasani. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12, utapata umbali wa upeo wa redio kwa kilomita. Mtu aliyesimama uwandani na redio mkononi, antena ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, ana upeo wa kilomita 5. Wawili wa namna hiyo wangeweza kusikiana kwa kilomita 10, lau dunia ingekuwa kapa tupu. Miti, nyumba na mikunjo ya ardhi huipunguza hesabu hiyo hadi kilomita chache tu. Lakini antena ikiwa juu ya kilima kilichoinuka mita 400 kutoka uwandani, upeo wake ni kilomita 82, na ukiongeza zile 5 za mtu wa chini unapata 87. Kilima hufanya kazi ambayo nguvu ya umeme haiwezi kuifanya.

Ripita, basi, ni mpiga mbiu aliyesimama juu ya kilima hicho. Husikiliza sauti dhaifu kutoka bondeni na kuirudia papo hapo kwa nguvu, ili mabonde mengine yote yasikie. Ili isijizibe masikio kwa sauti yake yenyewe, husikiliza katika masafa fulani na kusema katika mengine. Katika bendi ya megahezi 144 hadi 146, ambayo ukanda wetu huitumia sana kwa kazi hii, tofauti ya kawaida ni kilohezi 600: ripita yaweza kusikiliza kwenye megahezi 145.050 na kusema kwenye 145.650.

Hapo ndipo penye ugumu ambao watu wa nje hawauoni. Kipokezi kizuri husikia mawimbi yenye nguvu ya ajabu kwa udogo wake. Kisambazaji cha wati 25 kilicho pembeni yake, kikitumia antena ile ile, kinapiga kelele kwa nguvu inayozidi mawimbi hayo mara milioni, mara milioni tena, mara 20,000. Kinachovitenganisha ni dupleksa, yaani mitungi ya chuma iliyounganishwa kwa kebo, kila mmoja ukiwa umerekebishwa upitishe masafa fulani na kuyazuia mengine. Dupleksa haina taa wala skrini, na mgeni hudhani ni mabomba ya maji. Hata hivyo, ikisafirishwa kwenye gari kwa barabara ya makorongo bila kufungwa vizuri, marekebisho yake huweza kuhama, na ripita nzima ikawa kiziwi ingawa yasema vizuri. Fundi asiyeipima upya dupleksa baada ya safari hiyo hajamaliza kazi yake.

Dijitali inabadili nini

Katika redio ya analojia, sauti ya msemaji huyayumbisha mawimbi moja kwa moja. Katika redio ya kidijitali, sauti hugeuzwa kuwa tarakimu kwanza, hubanwa, kisha hutumwa. Mifumo ni kadhaa. D-STAR ilibuniwa na chama cha waendeshaji wa ridhaa wa Japani. System Fusion ililetwa na kampuni ya Yaesu. Na DMR ni kiwango kilichotolewa mwaka 2005 na taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI, kwa ajili ya makampuni na taasisi, kisha watu wa ridhaa wakakichukua. Mifumo hii haielewani yenyewe kwa yenyewe. Kikundi kinachoomba nafasi kilimani kiulizwe mapema kinatumia upi, maana uchaguzi huo ndio unaoamua ni redio zipi zitakazofaa kwa miaka mingi ijayo.

Tuitazame DMR kwa karibu. Njia yake moja ina upana wa kilohezi 12.5, nayo hugawanywa kwa muda: nafasi ya kwanza huchukua milisekunde 30, ya pili milisekunde 30, kisha ya kwanza tena, kwa kupokezana bila kukoma. Kwa hiyo ripita moja, antena moja na jozi moja ya masafa hubeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Katika dharura faida hii si ndogo. Kamati ya maafa ya kata yaweza kuzungumza na zahanati katika nafasi ya kwanza, huku wale walioko mtoni wakizungumza katika ya pili, pasiwepo anayemkatiza mwenzake. Tena redio ya mkononi, kwa kuwa hurusha nusu tu ya muda, hula betri kidogo zaidi inaposema. Sauti hubanwa hadi biti 2,450 kwa sekunde, na biti nyingine 1,150 huongezwa kwa ajili ya kusahihisha makosa ya njiani. Kwa sababu ya masahihisho hayo, sauti husikika safi, bila mkwaruzo, hata mahali ambapo analojia ingekuwa imeanza kuunguruma.

Wauzaji huishia hapo. Sisi tuendelee, maana lipo la pili. Analojia inapofifia humwonya msikilizaji: mkwaruzo huongezeka kidogo kidogo, na sikio la mwanadamu lina uwezo wa kuokota neno moja moja ndani ya kelele. Dijitali haionyi. Ni safi, safi, kisha sauti hukatikakatika kama ya roboti, halafu kimya. Mtu aweza kusikika barabara akiwa mlangoni mwa shule, akasogea mita mia mbili nyuma ya jengo na kupotea kabisa. Si kasoro ya mtambo. Ndiyo tabia ya tarakimu, na lazima ijulikane kabla ya siku ya shida.

Nani ataachwa nje

Kwa maoni ya mwandishi, swali hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa. Redio nyingi za bei nafuu zilizomo mikononi mwa waendeshaji ni za analojia tu. Ripita ikigeuzwa kuwa ya kidijitali peke yake, wenye redio hizo huamka asubuhi na kukuta kilima kimenyamaza kwao. Waliokuwa wakisikiana jana hawasikiani leo, na wanaoweza kununua redio mpya si lazima wawe ndio wanaokaa karibu na mto unaofurika.

Suluhisho lipo, nalo si ghali: ripita iwekwe katika hali ya mchanganyiko. Ikisikia mawimbi ya DMR, hurudia DMR; ikisikia analojia, hurudia analojia. Sharti lake ni moja. Upande wa analojia ufungwe kwa toni ya chini, mathalani ya hezi 88.5, ambayo redio huituma pamoja na sauti na sikio halisumbuki nayo. Bila toni hiyo, wenye redio za zamani watasikia mngurumo mkali kila mara mazungumzo ya kidijitali yanapopita, nao watazima redio zao, na mtu aliyezima redio hasikii mbiu. Kijiji kinapotoa kibali kina haki ya kuuliza: je, walio na redio za analojia mtawaweka wapi? Jibu likiwa "wanunue nyingine", mkutano ujue kwamba huduma inayoombewa nafasi si ya watu wote.

Sanduku na yanayolizunguka

Kuna njia mbili za kuhama. Ya kwanza ni kununua ripita mpya ya kidijitali iliyotoka kiwandani kamili. Ya pili ni kubakiza kipokezi na kisambazaji vya zamani na kuviongezea kibao kidogo cha kielektroniki pamoja na kompyuta ndogo. Kibao kinachotumika sana huitwa MMDVM, nacho pamoja na programu zake vilitokana na kazi ya Mwingereza Jonathan Naylor, mwenye alama ya wito G4KLX, aliyeiacha wazi ili wengine waitumie na kuiboresha. Njia hii ya pili ni nafuu, na kwa vikundi vyenye mfuko mdogo ndiyo inayowezekana.

Unafuu huo una masharti. Kibao hakiwezi kuunganishwa mahali panapotoka sauti ya kipaza sauti, kwa maana hapo redio imekwisha kuchuja na kuipamba sauti kwa ajili ya masikio, na tarakimu haziupendi urembo huo. Ni lazima uunganisho uchukuliwe kabla ya vichujio. Kisha viwango vya kuingia na kutoka hupimwa kwa subira: vikizidi, tarakimu hugongana, vikipungua, hazitofautishwi. Kipimo cha mwisho ni kiwango cha makosa ya biti. Chini ya asilimia 1 kazi ni njema. Yakikaribia asilimia 5, maneno huanza kuvunjika.

Jingine ni uthabiti wa masafa. Redio ya zamani yenye uthabiti wa sehemu 5 kwa milioni yaweza kuhama hezi 725 hivi katika bendi tunayoizungumzia. Analojia huvumilia, dijitali huanza kukosea. Kibanda cha bati kilimani huungua jua la mchana na kuganda usiku, na redio ndani yake huhama pamoja na joto. Ndiyo maana ripita iliyojaribiwa mezani mjini ikafanya kazi vizuri huenda ikasumbua kilimani saa nane mchana. Tundu za hewa zenye wavu wa kuzuia nyigu na mijusi, paa lenye kivuli cha pili, na rangi nyeupe: mambo haya ya fundi seremala na fundi rangi huokoa saa nyingi za fundi redio.

Kisha kuna kebo. Kwa kebo ya kawaida ya aina ya RG-213 yenye urefu wa mita 40, wati 25 zinazotoka kwenye mtambo hufika kwenye antena zikiwa 11 tu. Zilizosalia zimegeuka joto njiani. Kebo nene ya nusu inchi yenye ganda la shaba hufikisha wati 19 na zaidi. Upotevu huo huo hutokea wakati wa kusikiliza, kwa hiyo kebo mbovu humnyima msemaji dhaifu wa bondeni mara mbili: hasikiwi vizuri, wala hajibiwi vizuri. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu kipya angefanya vyema kununua kebo na antena, sanduku lije baadaye. Wengi hufanya kinyume.

Radi nayo isisahaulike. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na mnara juu ya kilima huialika. Mnara, kibanda, kebo na mtambo vyote viunganishwe kwenye ethi moja, kwa waya mnene uliolazwa kwa njia fupi iliyonyooka, na kifaa cha kuzuia radi kifungwe pale kebo inapoingilia kibandani. Ethi mbili zisizounganishwa ni hatari kuliko moja, kwa kuwa umeme wa radi hutafuta njia ya kutoka moja kwenda nyingine kwa kupitia mtambo wenyewe. Na kwa kuwa shaba ina wanunuzi, waya huo ufunikwe kwa zege au utumike ukanda wa chuma uliopakwa zinki. Ethi iliyoibwa haijulikani kuwa imeibwa mpaka radi ipige.

Umeme wa siku mbili

Ripita isiyo na betri ni pambo. Umeme wa gridi ukikatika, ndipo inapohitajiwa zaidi. Hesabu ya mfano ni hii. Ripita ya wati 25 inayotumia volti 12 huvuta ampea 6.5 inaposema na ampea 0.8 inapongoja. Ikisema robo ya muda wote, wastani ni ampea 2.2 na kidogo, yaani ampea-saa 53 kwa siku moja. Betri ya risasi ya ampea-saa 200 isitumiwe zaidi ya nusu yake ikiwa tunataka iishi miaka. Basi inazo ampea-saa 100 za kutumia, ambazo ni pungufu kidogo ya siku mbili. Paneli ya sola ya wati 200, ikipata saa 5 za jua zuri, hurudisha matumizi ya siku moja, upotevu ukiwa umehesabiwa. Lakini masika ni mawingu, na mafuriko huja masika. Kwa hiyo anayepanga kwa hesabu ya kiangazi anapanga kwa ajili ya siku ambazo hakuna shida. Paneli mbili, na mpangilio wa kushusha nguvu hadi wati 10 betri inapopungua, ni ulinzi wa busara.

Intaneti ikikatika

Ripita za kidijitali zaweza kuunganishwa kwa intaneti na mtandao wa ripita za nchi nyingine; BrandMeister ni mmojawapo wa mitandao hiyo. Kila mwendeshaji husajili namba yake ya tarakimu saba, na namba za Tanzania huanza na 640, sawa na ile itambulishayo nchi yetu katika mitandao ya simu. Ni jambo la kupendeza kijana wa sekondari kumsikia mtu wa Japani kupitia kilima cha kijijini, na mwalimu wa fizikia asiiache nafasi hiyo impite.

Ila tuweke mambo mahali pake. Uunganisho huo ndio wa kwanza kufa, kama ile Jumapili ya Mei 2024. Linalotakiwa ni kwamba ukifa, ripita iendelee kuwahudumia wa karibu pasipo kungoja seva iliyoko ng'ambo iitikie. Jaribio lake ni la dakika tano: chomoa kebo ya intaneti, kisha watu wawili walio katika vijiji viwili wajaribu kuzungumza. Wasipoweza, mipangilio irekebishwe kabla mtu yeyote hajasaini kwamba kazi imekamilika.

Ipo na hatari nyingine ya ndani ya kompyuta. Redio ya DMR haisemi mpaka ijazwe masafa, namba ya rangi kati ya 0 na 15, nafasi ya muda na kundi la mazungumzo. Kimoja kikikosewa, redio hukaa kimya wala haisemi kosa ni lipi. Mipangilio hiyo huhifadhiwa katika faili, na aghalabu faili hilo liko kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Mtu huyo akihama, akiugua au akigombana na wenzake, kikundi kizima hukwama. Nakala ikabidhiwe katibu wa kikundi na nyingine ihifadhiwe katika ofisi ya kata, pamoja na karatasi iliyochapwa inayoonyesha masafa, toni, namba ya rangi na funguo za kibanda zinapatikana kwa nani.

Vibali

Leseni ya TCRA ya kituo chenyewe, yenye kutaja masafa, ndiyo ya kwanza kuombwa kuonwa. Masafa yakibadilika wakati wa kuhama, leseni ya zamani haitoshi. Ardhi ya kilima ikiwa ya kijiji, uamuzi hupitia serikali ya kijiji na mkutano mkuu. Ikiwa ndani ya hifadhi ya msitu, mwenye hifadhi ahusishwe. Mnara mrefu huhitaji pia idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Mkazi asiye na leseni asinunue redio sokoni akaanza kuzungumza. Sheria haimruhusu, na anaweza kumzibia mwenye dharura. Anayetaka kujiunga aanze kwa kusikiliza na kujifunza pamoja na kikundi chenye leseni. Tena mazungumzo ya ridhaa hayaruhusiwi kufichwa kwa msimbo. Kwa hiyo majina ya wagonjwa na siri za familia zisipitishwe humo, kwa kuwa kila mwenye redio anasikia.

Siku ya kurudi hewani

Kabla ya antena kuunganishwa, mtambo huwashwa ukiwa umefungwa kwenye kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha, ili joto na nguvu vipimwe. Kisha antena huunganishwa na nguvu inayorudi nyuma hupimwa; ikiwa kubwa, kuna maungio mabovu au maji ndani ya kebo. Baadaye hufuata jaribio la ukiziwi: mawimbi dhaifu hutumwa kutoka mbali, kipokezi kikipimwa kisambazaji kikiwa kimezimwa, halafu kikiwa kimewashwa. Matokeo yakiharibika kisambazaji kinapowaka, kosa limo kwenye dupleksa au maungio, wala hakuna programu itakayoliponya.

Ndipo wakazi wanapoweza kushiriki. Mtu mmoja mwenye leseni apite na redio ya mkononi katika kila kijiji, akisimama mahali penye maana: mlangoni pa zahanati, kwenye daraja, uwanja wa shule, bonde linalofurika. Kila pahali aandike saa, kama alisikika kwa dijitali, kama alisikika kwa analojia, na alisogea hatua ngapi ndipo sauti ikakatika. Mtendaji wa kijiji na watu wa kamati ya maafa wafuatane naye, maana wao ndio wajuao maji hupita wapi. Mahali pasiposikika pawekewe alama kwenye ramani ya kata, na mahali pa karibu panaposikika paonyeshwe kwa kibao au jiwe lililopakwa rangi. Jaribio hili lirudiwe majani yakiwa yamestawi, kwa sababu majani mabichi na yaliyolowa hupunguza mawimbi.

Malalamiko na namna ya kuyapima

Wakazi wengi huhofia mionzi. Kwa masafa haya kiwango cha kimataifa cha usalama wa umma, kilichowekwa na kamisheni iitwayo ICNIRP, ni wati 2 kwa kila mita ya mraba. Ripita ya wati 25 yenye antena inayokuza mara nne, hata tukijifanya kwamba kebo haipotezi chochote, humfikishia mtu aliye mita 10 mbele ya antena wati 0.08 kwa mita ya mraba, yaani sehemu moja ya ishirini na tano ya kiwango hicho. Na antena iko juu ya mnara, si usawa wa kichwa. Anayepaswa kujihadhari ni fundi anayepanda: mtambo uzimwe kabla hajakanyaga ngazi.

Lalamiko la pili ni runinga au redio ya nyumbani kukwaruza. Lalamiko hilo lisidharauliwe, wala lisikubaliwe bila kupimwa. Mkazi aandike tarehe, saa na stesheni iliyoathirika, alipeleke kwa mtendaji wa kata, naye awasiliane na mwenye leseni. Kisha, kwa saa waliyopatana, ripita izimwe dakika tano na kuwashwa dakika tano, mara tatu, mkazi akitazama runinga yake bila kuambiwa ni lini imezimwa. Mikwaruzo ikifuatana na kuwashwa, mwenye leseni anawajibika kuirekebisha. Isipofuatana, chanzo kitafutwe kwingine, na pa kuanzia ni ndani ya nyumba yenyewe: chomoa chaja za simu moja baada ya nyingine, kisha zima kigeuza umeme cha sola.